Sitatia Saini

Kambini, Bweni la Nne
4 Februari

Mama Pacha,

Usishtuke kuona karatasi yenye mihuri mingi hivi. Ni mimi, na mwandiko ni wangu. Tulitekwa mwezi wa Novemba, kikosi kizima, mchana kweupe, risasi zikiwa zimetuishia. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya ukuta pamoja na mdogo wako, nikainua kichwa, nikakuta mitutu ya bunduki inatutazama. Ushujaa wangu uliishia hapo.

Mdogo wako Karani yuko nami. Mimi nalala kitanda cha chini, yeye cha juu. Anakohoa, lakini ubishi wake wa ukarani wa posta haujamtoka: juzi alimkosoa askari wa kambi kwa jinsi anavyopanga barua. Mwambie mama mkwe namwangalia mwanawe kama alivyoniagiza.

Siku ya pili walituuliza nani ana ufundi. Nikasema mimi ni fundi viatu, maana mwenye ufundi hapelekwi machimboni. Nikamwandikisha na Karani kuwa msaidizi wangu, ingawa hajui hata msharasi wa kutobolea ngozi unashikwa upande gani. Anatoboa soli kama anayepiga muhuri. Tuna kibanda cha mbao nyuma ya jiko, meza moja, na dirisha linaloangalia uzio.

Tunaruhusiwa ukurasa mmoja kwa mwezi, na husomwa kabla haujakufikia. Kwa hiyo wewe unayesoma kabla ya mke wangu, shikamoo, na usiukunje vibaya.

Duka usilifunge. Wabusu pacha.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani
21 Machi

Baba Pacha,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikawasomea pacha. Wakubwa hao sasa, wanataka kujua kama kambini kuna shule. Nimewaambia ipo, baba yao anafundisha ubishi.

Mama amefurahi sana kusikia Karani yuko nawe. Tangu barua yako ifike anasema, "Mwanangu yuko kwa shemeji yake," utadhani umemchukua likizo.

Mimi nimepata kazi kwenye karakana ya Kamati ya Familia za Wapiganaji, tunashona sare. Duka nalifungua jioni mbili kwa wiki, vumbi lisije likakaa.

Sasa nisikilize. Dereva amerudi, yule wa lori la mkaa, pamoja na majeruhi waliobadilishwa kwa mateka wa adui. Mguu mmoja ameuacha huko. Alikuwa kambi moja nawe. Jumamosi tulikutana kwenye bomba la maji, wanawake wanane wapo na ndoo zao. Nikamuuliza habari zako. Akasema, "Mumeo hajambo. Anashona viatu vya kamanda wao. Chumba chake kina jiko la kuota moto, sisi tulikuwa tunalala tumekumbatiana kwa baridi."

Nikamwambia mume wangu ni fundi viatu tangu kabla ya vita, na akiona kiatu kibovu mkono humwasha. Walicheka wawili. Wengine wakainama kwenye ndoo zao.

Niambie wewe. Viatu vya kamanda, ni kweli?

Mkeo,
Mama Pacha


Kambini, Bweni la Nne
30 Aprili

Mama Pacha,

Ni kweli. Nashona viatu vya kamanda. Ana mguu mpana na kidole gumba kilichopinda, na analalamika kuliko wateja wetu wote pale nyumbani. Jiko la moto lipo kwa ajili ya kulainisha nta na gundi, si kwa ajili ya mgongo wangu, lakini sitakudanganya, mgongo nao unapata chochote. Dereva hakusema uongo. Alisema alichokiona kutoka mlangoni.

Wanaukodi mkono wangu kwa bakuli la supu. Ninachokiwaza hawajakiuliza, na wakikiuliza hawatakipata.

Mwezi uliopita waliniita ofisini. Waliniletea karatasi ya kutia saini, (hapa mistari mitatu imefutwa kwa wino mweusi) nikawaambia mimi huandika jina langu chini ya kazi yangu tu, na ile haikuwa kazi yangu. Nikarudi kwenye meza yangu.

Karani kikohozi kimemzidi. Wamemlaza zahanati mara mbili, kisha wakamrudisha. Mama mkwe usimwambie yote.

Bombani usiache kwenda. Ukiacha, watasema umeona aibu.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani
9 Julai

Baba Pacha,

Mpishi amefika. Yule aliyekuwa mpishi wa kikosi chenu. Alitoroka kambini na wenzake wawili, Mwalimu na Seremala, na yeye peke yake ndiye aliyevuka mpaka. Amekonda mpaka mkewe alimtambua kwa sauti. Anasema walipofika darajani walikuta askari wamejificha wanawangoja. Mwalimu alipigwa risasi akafa pale pale. Seremala alikamatwa. Mpishi alijitupa kwenye matete.

Askari wale hawakuwa pale kwa bahati tu, anasema. Kuna mtu aliwaambia maadui saa na mahali.

Na mji mzima unamjua mtu huyo ni nani. Ni wewe. Siku moja kabla, watu walikuona ukiingia ofisini kwa kamanda ukakaa humo nusu saa.

Jana niliitwa na Kamati. Walikuwa watano mezani, na chai waliyokuwa wakinywa hawakunikaribisha. Mwenyekiti akanisogezea karatasi iliyokwisha pigwa chapa. Inasema mimi, mke wa fulani, namkana mume wangu kwa usaliti wake, na naomba niendelee kuhesabiwa miongoni mwa familia za wapiganaji. Hapakubaki ila jina langu. Nisipotia saini, posho ya pacha inakatwa na karakanani nisirudi. Wamenipa mpaka mwisho wa Septemba, kwa sababu mwana wa mama yangu, Karani, naye ni mpiganaji aliyetekwa, na wanamheshimu mama.

Sikutia. Nilisema sijakusikia wewe.

Mama yake Mwalimu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kila asubuhi napita mbele ya dirisha lake nikienda kazini. Kwa hiyo sikuombi hotuba. Niandikie neno moja tu: hukusema. Ukiliandika nitaliamini, na nitawarushia mezani.

Mkeo


Kambini, Bweni la Nne
14 Agosti

Mama Pacha,

Sitajitetea kwenye barua inayosomwa na mtu wa tatu. Wala sitajitetea mbele ya watu watano wanaokunywa chai.

Ukiona ni lazima utie saini ili watoto wale, tia. Sitakuhesabia kosa.

Karani anaendelea vizuri. Homa imeshuka, amenenepa kidogo. Mwambie mama mkwe.

Naandika kwa taabu, nimeumia mkono wa kushoto na karatasi inateleza. Ni ajali ya kazini.

Fundi


Nyumbani
20 Septemba

Kwako Fundi,

Nilikuomba neno moja ukanipa ukurasa wa kiburi.

Sikutia saini. Usifurahi, sikufanya hivyo kwa ajili yako. Niliwarudishia karatasi yao nikawaambia siku nikitaka kumkana mume wangu nitaandika kwa mkono wangu, kwa maneno yangu, na nitamtumia yeye mwenyewe, wala sihitaji Kamati inipigie chapa. Mwenyekiti akasema, "Utajuta, mama." Nikamwambia nimeshaanza zamani, ajipange foleni.

Kwa hiyo karakanani nimefukuzwa. Posho imekatwa. Duka sasa lipo wazi kila siku, na mimi ndiye fundi. Wiki ya kwanza nilijitoboa kidole mara nne. Wiki ya pili mtu alitupa kiatu kilichojaa kinyesi mlangoni. Nilikiosha, nikakishona soli, nikakitundika dirishani kwa kamba na kijikaratasi: Mwenyewe aje achukue. Hajaja. Lakini wengine wamekuja, kwanza mmoja mmoja na kwa mlango wa nyuma. Nikaufunga ule wa nyuma. Anayetaka kiatu chake apite mbele kama watu.

Pacha wamepigana shuleni, wote wawili, na wamepigana vizuri. Mwalimu wao mkuu ameniita. Nilikwenda nikamsikiliza, nikamwambia nitawakanya, nikarudi nyumbani nikawapikia.

Sijui wewe ni nani siku hizi. Najua tu mimi ni nani.

Mama Pacha


Hospitali ya Jeshi, Wodi ya Kifua
18 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Nipo upande wetu sasa. Wametubadilisha wagonjwa ishirini, na mimi mmojawapo. Nakuandikia kabla ya kumwandikia mama, na ukimaliza kusoma utaamua kama nina haki ya kukuita dada.

Ni mimi niliyesema.

Nikuelezee kama ilivyokuwa. Mwezi wa Mei nilianza kutema damu. Daktari wa kambi alinipa vidonge siku mbili, siku ya tatu akaja na ofisa mmoja mpole. Ofisa akasema dawa hizo ni chache na zina wenyewe, lakini mtu anayewasaidia huwekewa zake pembeni. Nikakataa. Nikakataa wiki nzima, Dada, hilo naomba ulijue, ingawa halinisaidii. Siku ya nane nilishindwa kusimama, nikawaambia daraja na saa. Nilijiambia siwauzi watu, nauza njia tu. Wangekuta daraja limefungwa, wangerudi. Ndivyo mtu anavyojidanganya akiwa anataka kuvuta pumzi.

Nilijuaje njia yao? Kwa sababu viatu vyao vilishonwa kwenye meza yetu, na Mwalimu alipokuja kuvichukua alimweleza Shemeji njia na saa, nami nikiwa hapo. Shemeji alikubali kazi ya kamanda ili apate ngozi ya ghalani na misumari. Viatu vya askari wao vina misumari iliyopangwa kwa namna yake, na nyayo zake zinajulikana. Shemeji alitengeneza jozi tatu zenye misumari ile ile, ili doria ikiona nyayo idhani ni za wenzao. Ndivyo Mpishi alivyofika. Lakini Mpishi hajui nani alivishona. Shemeji alimwambia Mwalimu peke yake, akamwapisha asimtajie mtu, ili atakayekamatwa asiwe na jina la kutoa. Na Mwalimu ndiye aliyekufa. Hili la misumari, nakusihi, usiliandike kwenye barua yoyote ya kwenda kambini. Watamnyonga.

Shemeji aligundua kuwa ni mimi niliyesema jioni ile ile habari za daraja zilipofika. Alikuta vidonge kwenye soksi yangu. Mfungwa hawezi kuwa na vidonge vile. Hakunipiga. Alikaa kwenye stuli, akavitazama mkononi, akaniuliza, "Ulitaja na waliowasaidia?" Nikasema sikutaja. Akanirudishia vidonge akasema, "Meza. Wameshavilipia wengine."

Kesho yake watu wa bweni walikaa kikao. Kila mtu alimtazama yeye, kwa sababu ya ile nusu saa ofisini, ambayo aliitumia kumpima kamanda mguu. Walimuuliza kama ni yeye. Angesema siyo, wangenigeukia mimi, msaidizi wake, na mimi nisingeamka kitandani. Akanyamaza. Wakampiga. Makanika mmoja akamvunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwenye ukingo wa kitanda, asishone tena. Hakusema siyo. Hakusema ndiyo. Tangu siku ile amekuwa akila peke yake.

Nilimwambia nitasema. Akanikataza. "Ukisema hapa utakufa," akaniambia, "na dada yako atabaki na msiba na aibu kwa pamoja. Utasema ukifika kwetu, ukiwa umesimama kwa miguu yako." Aliniapisha hivyo.

Daktari anasema naweza kusimama wiki ijayo. Njoo unichukue, Dada, au usije. Nikiweza kutembea nitakuja mwenyewe.

Mdogo wako


Nyumbani
12 Novemba

Baba Pacha,

Nimepata barua ya mdogo wangu. Sasa najua, na wanaosoma barua hii walijua kabla yangu, kwa hiyo sina ninalowaficha.

Nilikwenda kumchukua hospitali. Nilimnunulia chai kituoni, nikamtazama akinywa, nikashindwa kuamua nimshike mkono au nimmwagie. Tulipofika mjini hakutaka kupita nyumbani kwanza. Tukaenda moja kwa moja nyumba ya tatu.

Mama yake Mwalimu alikuwa anaanika nguo. Karani alisimama mbele yake akamwambia yote, bila kujitetea, hata ile wiki aliyokataa hakuitaja. Mama yule hakulia wala hakumpiga. Alimuuliza kitu kimoja tu. "Alipopigwa, alikuwa ameelekea wapi?"

Karani akasema, "Huku, mama. Nyumbani."

Akatikisa kichwa mara nyingi. Kisha akamwambia Karani atoke uani mwake asirudi tena, na mimi akaniambia nikae. Nilikaa naye mpaka nguo zikakauka.

Kutoka pale Karani alikwenda Kamati mwenyewe, akasema tena. Yupo mahabusu, anangoja mahakama ya kijeshi. Mama anampelekea nguo kila Ijumaa. Hasemi na mtu. Juzi aliniambia, "Wewe una haki ya kumkasirikia. Mimi nilimzaa," na tukaishia hapo.

Mwenyekiti wa Kamati alituma mtu aniambie narudishiwa kazi na posho. Nimesema posho ni ya watoto, nitaipokea. Kazi sitaki. Na samahani sitaipokea kwa mjumbe. Mji ulinitukana hadharani bombani, basi waje waniombe radhi bombani. Mpaka sasa amekuja Dereva peke yake, kwa magongo yake, Jumamosi, wakati wanawake wapo. Alisema, "Nilisema nilichokiona. Sikuona yote." Nimemshonea kiatu chake kimoja bure.

Nimemwandikia pia kiongozi wa bweni lenu, nikamtilia ndani maneno ya Karani yenye saini yake. Hukuniomba. Ndiyo maana nimefanya.

Sasa zamu yako. Ulimwokoa mdogo wangu asiuawe, na kwa hilo nitakushukuru mpaka nizikwe. Lakini ulinichagulia mimi kuishi na uongo miezi mitatu, nikipita kwenye dirisha la mama yule nikiinamisha uso. Uliniandikia Karani amenenepa. Ulijua amenenepa kwa nini. Ulinifanyia kama mtu anayemfunika mtoto macho barabarani. Mimi si mtoto, Baba Pacha. Ungenipa mzigo ule ningeubeba, na nimeshaubeba sasa, umeona.

Nakupenda na nimekasirika. Usinichagulie kimojawapo.

Mkeo,
Mama Pacha


Hospitali ndogo ya mpakani
3 Januari

Mama Pacha,

Hii haina mihuri, haina msomaji. Nimetoka.

Nianze na barua yako kwa kiongozi wa bweni. Aliisoma kwa sauti katikati ya vitanda, watu sitini wakisikiliza. Alipomaliza hakuna aliyejua aweke wapi uso. Makanika, yule wa vidole, alinijia akaniuliza afanye nini. Nikamwambia nimeshindwa kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alipiga goti akanifungia, mbele ya wote, na sikumwambia aache.

Seremala alikuwa ametolewa kwenye chumba cha adhabu. Akaja kukaa karibu yangu wakati wa kula, akasema, "Karani aliyekushonea kwa maelekezo yako hayupo tena. Kamanda atakuuliza viatu vyake, na mkono huo hauwezi. Utapelekwa machimboni." Nikamwambia najua. Akasema, "Basi twende."

Kila katikati ya mwezi lori huchukua magunia ya viatu vibovu kupeleka mjini kwao kuchomwa. Mwezi uliopita magunia mawili hayakuwa na viatu. Makanika ndiye aliyetufunga kamba za magunia, na ndiye aliyelitengeneza lile lori asubuhi ile kwa namna ambayo liliharibika mahali tulipotaka. Tulitembea siku kumi na moja. Nilivaa jozi ya mwisho niliyoshona kabla ya kuvunjwa. Soli imebaki nzima, nakueleza kama fundi mwenzangu.

Hapa kwetu wamenipokea kwa karatasi. Maofisa wa mpakani wana orodha, na mimi nimo: waliomfanyia adui kazi. Kuna msamaha, wanasema. Nitie saini kwamba nilikosa kwa kushurutishwa, na nitakuwa nyumbani baada ya siku mbili. Nimewaambia sikukosa, na sitaki kusamehewa. Niliwashonea maadui viatu jozi thelathini na moja na wetu jozi nne, na nitayaeleza yote mbele ya yeyote anayeweza kukaa na kusikiliza. Ofisa akasema basi nitakaa hapa mpaka tume iketi, labda mwezi, labda zaidi. Nimemwomba stuli. Wodi hii imejaa viatu vibovu.

Kuhusu hasira yako. Sijutii kumnyamazia Karani. Ingerudi siku ile ningenyamaza tena. Lakini lile la kukuandikia amenenepa, lile ni langu, na sina la kujitetea. Nilidhani najua uzito unaoweza kuubeba. Sikuwa nakujua vizuri kama nilivyodhani, na nina umri wa kuona haya kwa hilo.

Mumeo,
Fundi


Nyumbani
15 Januari

Baba Pacha,

Usitie saini.

Barua yako ilifika jana saa nne. Saa tano nilikuwa kwa Mpishi. Nilimweleza viatu alivyovaa vilitoka meza gani, akaingia ndani akatoka navyo, misumari yake yote ipo. Anakuja. Dereva naye anakuja, magongo na yote. Anasema tume lazima isikie pia alichokikosea. Mahakama imekubali Karani aandike ushahidi wake, ninao mkobani.

Duka nimelifunga siku nne, nimebandika mlangoni kwamba fundi amesafiri kikazi. Pacha wanabaki na mama.

Jioni nilipita nyumba ya tatu kuaga tu, isije ikawa anasikia kwa watu. Nilimwambia kuna tume mpakani, na kwamba wewe ndiye uliyemshonea mwanawe viatu vya kurudia nyumbani. Aliendelea kuchambua mchele wake. Nikadhani nimekosea kusema. Kisha akainuka, akatoa kabatini koti lake la kutokea, akaanza kulipiga brashi, akaniuliza treni inaondoka saa ngapi.

Tutafika Alhamisi mchana, watu wanne. Vaa shati safi.

Mkeo,
Mama Pacha